Maswali yenu: Kama uhuru ulikuja 1863, King aliandamana kwa nini 1963?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Morogoro. Kitabu kinasema rais Lincoln aliwapa watumwa wa Marekani uhuru mwaka 1863, nikifungua mbele tu namkuta Martin Luther King anaandamana Washington 1963. Nimehesabu ni miaka 100 kamili. Kama walishakuwa huru walikuwa wanadai nini tena? Nikiuliza naambiwa ubaguzi, lakini ubaguzi ulipata wapi nguvu wakati sheria zilishabadilishwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuhesabu, maana watu wanakariri hizo tarehe mbili miaka nenda rudi bila kujiuliza hapo katikati kulitokea nini. Katikati kuna mwaka 1877. Mimi nikiulizwa historia ya Marekani iligeukia wapi huo ndo nautaja wa kwanza, na inaniuma kuona wanafunzi wanaupita kama haupo.

Tuanze na 1863. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari liliwahusu watumwa wa majimbo yaliyoasi tu, yale ya kusini yaliyojitenga na kupigana vita na serikali yake, ambako amri yake ilikuwa haifanyi kazi mpaka jeshi lake lifike. Kentucky na Maryland walikuwa na watumwa lakini hawakuasi, kwahiyo tangazo halikuwagusa. Yaani uhuru ulikuwa unatembea kwa miguu na askari, na kufika Texas ilikuwa tarehe 19 Juni 1865, miaka miwili na nusu imeshapita, ndo maana siku hiyo inasherehekewa mpaka leo. Utumwa kufutwa nchi nzima ni Desemba 1865, kwa marekebisho ya 13 ya katiba. Watu kama milioni 4 wakatoka utumwani.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndo kimefichwa. Marekebisho ya 14, mwaka 1868, yakawapa uraia. Ya 15, mwaka 1870, yakasema mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Na watu weusi walipiga kura kwelikweli, na walichaguliwa, wengine miaka michache tu nyuma walikuwa wanauzwa mnadani. Mwaka 1870 Hiram Revels akaingia seneti kutoka Mississippi. Jimbo la South Carolina weusi wakawa wengi kwenye bunge la jimbo, na wabunge wa aina hii ndo walioanzisha shule za umma sehemu nyingi za kusini, mpango ambao na watoto wa wazungu maskini walifaidika nao.

Ngoja nikupe mtu mmoja, Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa mji wa Beaufort, South Carolina, mwaka 1839. Wakati wa vita alikuwa anashika usukani kwenye stima ya jeshi la waasi, inaitwa Planter, bandari ya Charleston. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa wazungu wakashuka kulala mjini, yeye na wenzake wakawasha moto wa boila, wakapita kuwachukua wake zao na watoto, halafu Smalls akavaa kofia pana ya majani ya kepteni na kusimama kama kepteni anavyosimama. Ngome ya Fort Sumter ilikuwa na mizinga, wangeshtukiwa wangezamishwa pale pale. Akapiga honi kwa alama anayoijua, wakamruhusu apite. Walipotoka nje ya mizinga wakashusha bendera ya waasi, wakapandisha shuka jeupe na kwenda kujisalimisha kwa meli za Lincoln, watu 16 wote huru. Alikuwa na miaka 23. Baadaye alinunua nyumba ya bwana aliyekuwa anammiliki, akaishi humo, na akachaguliwa bunge la Washington vipindi vitano.

Kwahiyo mwanangu, haki zilikuwepo. Zilikuja zikanyang'anywa, hilo ndo jibu la swali lako.

Ilikuwaje? Kura ya watu weusi kule kusini ilikuwa inalindwa na askari wa serikali kuu, kwa sababu kulikuwa na makundi ya wazungu wenye silaha yanachoma nyumba na kuua watu ili wasipige kura. Uchaguzi wa rais 1876 ukaleta mgogoro, matokeo ya Florida, Louisiana na South Carolina yakagombaniwa miezi, mwisho ikaundwa tume ya watu 15, wakapiga kura 8 kwa 7, mgombea Hayes akawa rais kwa kura 185 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 184 za mpinzani wake Tilden. Wakubwa wa kusini wakakubali yaishe, na Aprili 1877 Hayes akawaondoa askari waliokuwa wanalinda serikali za South Carolina na Louisiana. Askari wakarudi kambini, na mtu mweusi akabaki peke yake na karatasi ya katiba mkononi.

Angalia walivyofanya kwa ujanja, hawakufuta marekebisho hata moja. Mississippi mwaka 1890 waliandika katiba mpya ya jimbo: ukitaka kupiga kura ulipe kodi ya kichwa dola 2, na usome kifungu cha katiba au ukisomewa ukieleze maana yake, na anayeamua kama umeeleza vizuri ni karani mzungu. Neno rangi halipo popote hapo! Majimbo mengine yakaiga. Louisiana weusi walioandikishwa walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896, kufika 1904 wamebaki kama 1,300. Mwaka huohuo wa 1896 mahakama kuu ikasema kuwatenga watu kwa rangi kwenye treni ni sawa tu. Smalls mwenyewe alikuwa mjumbe South Carolina ilipoandika katiba ya aina hiyo 1895, akakataa kuisaini.

King alisimama mbele ya sanamu ya Lincoln tarehe 28 Agosti 1963 na akaitaja hiyo miaka 100 yako. Sheria ya kulinda kura ilisainiwa tarehe 6 Agosti 1965. Mississippi kabla yake weusi walioandikishwa hawakufika hata asilimia 7, miaka miwili baadaye ni karibu 60. Ukiisoma hiyo sheria utaona ilikuwa inatekeleza marekebisho ya 15, yale yale ya 1870.

SWALI: Bibi yangu wa Pangani kitambaa cheupe kigumu anakiita merikani. Kuna uhusiano na Marekani au ni jina tu?

JIBU: Upo tena mkubwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanaleta hicho kitambaa Zanzibar tangu enzi za Seyyid Said, ambaye aliwekeana mkataba na Marekani 1833, na wao wakiondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilikibeba kama pesa. Pamba yake ilichumwa na watumwa kule kusini nilikokusimulia hapo juu. Vita vilipoanza 1861 pamba ikakatika, viwanda vya Massachusetts vikakosa cha kufuma, na Zanzibar merikani ikaadimika. Wamarekani waliporudi baada ya vita hawakulipata tena soko lao kama zamani, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vilishaingia, lakini watu wa pwani hawakuhangaika kutafuta jina jingine. Msalimie sana bibi.