Panya akichelewa majini, usikimbilie kusema amesahau

Ndugu wa Kakamega ameuliza: muuza dawa kamwambia unga wake umejaribiwa kwa panya, wakaogelea muda mrefu na kukumbuka njia, basi ampe mdogo wake anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mbio za shule. Nimetunza panya miaka sita katika maabara ya chuo hapa Nakuru, kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujatoa pesa.

Kumbukumbu tunaipima kwa njia aliyoianzisha Richard Morris mwaka 1981. Ni tangi la duara, maji yametiwa maziwa ya unga yasionyeshe ndani, na kijukwaa kimefichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya hukitafuta kwa kukumbuka alama za ukutani. Siku ya kwanza anazungukazunguka pembeni. Baada ya siku nne tano anakiendea moja kwa moja. Mdunge skopolamini, dawa ambayo huzuia asetilikolini, kemikali inayosaidia kumbukumbu, kufanya kazi yake kwenye ubongo, na utamwona anarudia kuzunguka pembeni kama mgeni. Stamina nayo, panya hufungwa kizito mkiani, mara nyingi asilimia 5 ya uzito wake, tukahesabu dakika hadi achoke.

Sasa, Julai moja tulianza asubuhi na panya waliodungwa dawa. Walichelewa, wengine wakaelea tu. Tukaandika daftarini: kumbukumbu imeharibika. Mchana zamu ya waliodungwa maji ya chumvi tu bila dawa, wa kulinganisha nao, wakaogelea vizuri kabisa. Jioni ndipo nilipokumbuka panya mmoja niliyemkausha kwa taulo asubuhi ile. Alikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje, anatetemeka mpaka masharubu. Maji yalikuwa yametoka bombani moja kwa moja, na mnajua baridi ya Nakuru mwezi huo. Mchana yalikuwa yameshapata joto, na hakuna aliyetumbukiza kipimajoto. Wanyama wale waliteseka bure, na matokeo yote tuliyatupa. Bado linaniuma.

Tangu hapo, kila panya anayechelewa tunamwekea kijukwaa chenye kibendera kinachoonekana. Akichelewa hata hapo, tatizo ni miguu au macho, au dawa imemlaza, kama diazepamu inavyofanya. Na kwenye kizito, kuna panya anayejifunza kwamba akilegea atatolewa majini. Huyo dakika zake ni chache kwa sababu anakumbuka vizuri!

Sisemi dawa hazifanyi kitu. Kafeini humfanya panya akimbie muda mrefu zaidi kwenye mkanda wa mashine ya kukimbilia, na wanariadha pia huwasaidia. Lakini mwili wa panya huivunja dawa haraka kuliko wetu, hivyo kipimo chake hakihamishwi kwa mtoto kwa kukisia na kijiko.

Rudi kwa huyo muuzaji, umuulize maji yalikuwa na nyuzi ngapi za joto, na panya ambao hawakupewa unga waliogelea dakika ngapi. Akikosa jibu, usimpe mdogo wako hata chembe.