Toa taarifa ukishuku, usisubiri majibu ya maabara

Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, taarifa za magonjwa ya kuripotiwa kwa lazima huchelewa zaidi kwa sababu mtoa huduma anataka awe na uhakika kwanza. Mtoto ameletwa ana homa, vipele, kikohozi na macho mekundu. Anaandikwa "surua?" kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5, yaani rejista ya wagonjwa wa nje, anapewa vitamini A, kisha kimya. Alama hiyo ya kuuliza inatosha kabisa kukufanya upige simu. Wajibu wako unaanza pale dalili za mgonjwa zinapolingana na tafsiri sanifu ya ugonjwa, yaani maelezo rasmi ya dalili za kumshuku mgonjwa. Kuthibitisha ni kazi ya maabara.

Kipindupindu, surua, tauni, homa ya manjano, homa za kutoka damu kama Marburg, na ulemavu wa ghafla kwa mtoto huripotiwa ndani ya saa 24. Mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, au Mganga Mkuu wa Wilaya asipopatikana. Mweleze umri, jinsia, kijiji na kitongoji, dalili, chanjo alizopata, mgonjwa yuko wapi sasa, na kama kuna wengine nyumbani wenye hali hiyo. Halafu taja tarehe dalili zilipoanza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaandika tarehe mgonjwa alipofika kituoni. Tarehe ya kwanza kuugua ndiyo inayoonyesha aliambukizwa lini, alikutana na nani akiwa tayari anaumwa, na kama sampuli bado ina maana. Muulize mama kwa matukio anayoyakumbuka: ilikuwa kabla ya gulio au baada yake? Ijumaa alikuwa anatembea?

Ulemavu wa ghafla unahitaji umakini wa pekee. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla anaripotiwa, hata kama unaamini sindano ndiyo iliyomgusa mshipa wa fahamu, au kwamba sababu yake si polio. Usimchuje wewe. Zinatakiwa sampuli mbili za kinyesi, zikipishana saa 24 hadi 48, zote ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Ni mbili kwa sababu virusi havitoki kila siku kwa kiwango kilekile, na baada ya wiki mbili hupungua sana. Kiasi ni kama ncha ya kidole gumba cha mtu mzima, takribani gramu 8, kwenye kikopo kinachofunga vizuri, ndani ya kasha la baridi lenye barafu, nyuzi 2 hadi 8. Zifike maabara ndani ya siku 3 tangu ya pili ichukuliwe. Zinazokataliwa ni zilezile kila mara: kikopo kimevuja, barafu imeyeyuka njiani, au fomu haina tarehe. Mtoto akiletwa amechelewa, ripoti hivyohivyo, na baada ya siku 60 akaguliwe tena kuona kama ulemavu umebaki. Februari 2022 Malawi ilitangaza polio ya pori, yaani ya virusi vya asili visivyotokana na chanjo, kwa mtoto aliyepooza Novemba 2021, kwa hiyo jirani zake wote hawana nafasi ya kulegea.

Lakini usiweke kila kitu kwenye barafu. Maji ya uti wa mgongo yanayokwenda maabara ili vimelea vioteshwe hayaingii kwenye jokofu, kwa sababu vimelea vyake hufa kwa baridi. Kinyesi cha anayeshukiwa kipindupindu kichukuliwe kabla ya antibayotiki, kiwekwe kwenye Cary-Blair, mchanganyiko maalumu unaotunza vimelea safarini, kisafirishwe kwa joto la kawaida. Maji ya kumwokoa mgonjwa, hata hivyo, hayasubiri sampuli.

Ugonjwa usioujua nao una pa kuripotiwa. Bukoba, Machi 2023, kilichotangazwa kwanza kilikuwa ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 ndipo ikathibitishwa kuwa ni Marburg. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Vifo viwili vya homa katika familia moja ndani ya siku chache vinatosha kupiga simu, na mwananchi wa kawaida anaweza kupiga 199 bila malipo.

Wiki ikipita bila mgonjwa, andika 0 kwenye ripoti ya wiki na uitume. Usipotuma chochote, wilaya haiwezi kujua kama hakuna ugonjwa au hakuna aliyejaza fomu.

Jina la mgonjwa liishie kwa mratibu. Picha ya vipele vyake kwenye kundi la WhatsApp la watumishi humfikia jirani kabla ya jioni, na familia inayofuata itamficha mgonjwa wake ndani.

Ukishapiga, andika kwenye rejista saa uliyopiga na uliyezungumza naye. Kesho yake kukiwa kimya, piga tena wilayani, kisha mkoani.