1,000,001 si namba tasa, na usiniletee jumla ya tarakimu

Swali: Asalaam alaykum mwalimu. Nipo kidato cha tatu, Wete. Nimeigawa 1,000,001 kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97, kila mara pana baki. Mwalimu wetu wa twisheni anasema ni tasa, kwani jumla ya tarakimu zake ni 2, na 2 ni tasa. Kweli?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Si kweli. Namba tasa haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hii igawe kwa 101, utapata 9,901 na hakibaki kitu. Kwa 97 ulibakiwa na 28, ukafunga daftari. Tasa iliyofuata ndiyo yenyewe! Migawanyo 25 umefanya, wa 26 ukauacha.

Hukupoteza kazi lakini. Namba isiyo tasa lazima igawike kwa tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 9,901 hakifiki 100, na chochote kinachoigawa 9,901 kinaigawa 1,000,001 pia. Wewe umeshaonesha hakuna tasa chini ya 100 inayoigawa. Basi 9,901 ni tasa, na aliyethibitisha ni wewe. Kipeuo cha pili cha 1,000,001 ni 1,000 na chembe, kwa hiyo ungelazimika kwenda mpaka 997.

Sasa hilo la tarakimu. Kila ukikaribia mtihani naletewa barazani, limeandikwa kwa wino mwekundu na kuzungushiwa duara kama hirizi. Jumla ya tarakimu inakwambia habari za 3 na 9 tu, kwa sababu 10, 100, 1,000 na wenzao, ukiwagawa kwa 9, kila mmoja anabakisha 1. Jumla ikiwa 2, umejua 3 haiigawi namba yako. Basi. Ya 7, ya 11, ya 101 hayamo humo. Tazama 1,001: jumla 2, nayo ni 7 × 11 × 13. Tazama 10,001: jumla 2, nayo ni 73 × 137. Na 13 je? Moja na tatu ni nne, na nne si tasa, tuifute 13?

Anayekuuzia kanuni ya hivyo muulize swali moja: kwa nini? Akikujibu "ishike tu, itakutoa kwenye mtihani," mdai pesa zako. Wanaoshikishwa hivyo wananijia hawajui hata kugawa kwa mkono, kalkuleta ikizima wamekwisha.

Wakubwa nao waliteleza, ila wao hawakutoza ada. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonesha 641 inaigawa.

Mpelekee mwalimu wako 100,000,001. Jumla ya tarakimu zake ni 2 vilevile. Akishasema ni tasa, igawe kwa 17 mbele yake, taratibu, kwa mkono.