Jibu: Wakala anataka kubadilisha mfumo mzima wa kuwashia gari

Usilipe kwanza, ndugu. Umesema ufunguo unakwama hadi uutikise, lakini ukishageuka injini inawaka bila shida. Hapo wa kushukiwa ni silinda ya ufunguo (kitasa unamoingiza ufunguo), wala si swichi ya umeme iliyo nyuma yake. Kwenye magari mengi hivyo ni vipuri viwili, kila kimoja na bei yake. Wakala wa magari amekuandikia vyote, pamoja na funguo mpya na kuziprogramu ili gari lizitambue (kuuza seti nzima ni kazi nyepesi kwake). Mwambie achanganue bei, kipuri mbali na ufundi mbali.

Kabla ya hapo, jaribu ufunguo wa akiba usiotumika sana. Ukigeuka laini, basi huenda ufunguo wako ndio umelika meno. Chongesha mwingine kwa kufuata namba ya ufunguo, si kwa kunakili huo uliolika, maana utanakili na ubovu wake.

Ikiwa silinda kweli imechoka, muone fundi funguo wa magari. Mara nyingi silinda mpya inaweza kupangwa ifuate ufunguo ulio nao. Chipu iliyo ndani ya ufunguo, ambayo gari huitambua, inabaki ileile, na gharama ya kuprogramu inaondoka.

Tena uliza kwa namba ya chasisi kama gari lako limeitwa na mtengenezaji lirudishwe kurekebishwa kwa kasoro. Mwaka 2014 General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, iliita magari takriban milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia, na matengenezo yalikuwa bure.