Mbaazi za Kibokoni katika Jiko la Nakuru

SWALI: Assalamu alaykum, Bibi Mhariri. Nilipokuwa mdogo hapo Mombasa, marehemu babu yangu alinichukua kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri hadi mkahawa mmoja mdogo wa Kibokoni, tukala mahamri na mbaazi za nazi, yeye akinywa kahawa chungu na mimi chai ya maziwa yenye iliki. Mkahawa huo ulifungwa zamani, nami sasa naishi Nakuru, ambako kila nikipika mbaazi hutoka ngumu na mahamri hulowa mafuta, ingawa nafuata maelezo ya mama hatua kwa hatua. Je, wapishi wale walikuwa na kiungo walichotuficha? Na tui la kopo linafaa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako. Mikahawa hiyo ya Mji wa Kale naikumbuka vyema, na mabenchi yake marefu ambayo watu wasiojuana walibanana bila kuombana radhi, huku dele la shaba, birika la kahawa, likikaa juu ya makaa tangu kabla ya adhana. Wachukuzi wa mikokoteni walikula kwanza, kwa kuwa kazi ya Marikiti haimngoji mtu, kisha wakaja wazee, ambao walikula kidogo na kuzungumza sana. Sehemu ya utamu unaoukumbuka ni mazungumzo hayo, na hayo siwezi kukupikia. Mapishi yenyewe yanaelezeka.

Wapishi wale hawakuficha kiungo chochote, ila walikuwa na usiku mzima na walikuwa pwani. Mbaazi kavu walizirowanisha mapema, wakazibandika usiku kwa moto mdogo, na kufikia alfajiri zilikuwa zikibonyea zenyewe. Wewe uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, ambapo maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na hata ukizidisha moto maji hayapandi zaidi ya hapo, unapoteza makaa tu. Maelezo ya mama yako ni sahihi, lakini ni ya Mombasa. Tumia sufuria ya presha, ambayo huyapandisha maji joto kuliko sufuria ya kawaida, na ununue mbaazi za msimu huu, kwa sababu zilizokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu hukataa kulainika hata uzichemshe kutwa. Zikishaiva kabisa, tia tui jepesi pamoja na kitunguu, pilipili mbichi, manjano na chumvi; tui zito liingie mwisho, na ukoroge bila kuondoka jikoni, kwani likichemka kwa nguvu hukatika.

Mahamri nayo yanaonewa na baridi. Usiku wa Mombasa una joto la kuumua unga bila msaada, ilhali usiku wa Nakuru huilaza hamira. Kanda unga kwa tui la vuguvugu, ufunike bakuli kwa blanketi karibu na jiko, na usitazame saa: ngoja mpaka donge liwe maradufu, kisha ukishasukuma na kukata pembe uyaache yaumuke tena kidogo. Mafuta yasiyopata moto ndiyo yanayolowesha mahamri, kwa hivyo jaribu kwanza kwa kipande kidogo, ambacho kinapaswa kuelea mara moja, usijaze karai, na umwagie kila moja mafuta ya moto juu kwa upawa ili livimbe.

Jambo moja zaidi, ambalo watu wa pwani hatulifikirii: mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzijoto 24 hivi, na asubuhi za huko hupoa zaidi ya hapo. Zipashe sahani moto kabla ya kupakua, la sivyo mbaazi zitaganda sahanini.

Ama tui la kopo, nalikubali katika mbaazi, ambamo pilipili na manjano hulisaidia. Katika mahamri ningependa ukune nazi mwenyewe, kwani harufu yake ndiyo inayobaki iliki ikishatulia. Ukiwa sokoni itikise kwanza, na isiyosikika maji ndani iache hapo hapo.