Dimbwi la zebaki lina utelezi, mbona vijidudu vyake havifi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Igoma hapa Mwanza, shemeji yangu ana mwalo wa kuchenjulia dhahabu huko Geita. Juzi nilienda kumsalimia nikaona lile dimbwi wanapooshea marudio (ule mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) kwa zebaki limejaa utelezi wa kijani pembeni. Nikamuuliza, si mnaambiwa zebaki ni sumu, sasa vijidudu hivi vinaishije humo? Akacheka, akasema ndo ujue haina neno, ingekuwa sumu kweli kusingeota kitu. Nikakosa la kusema. Halafu kama hao bakteria wanakula zebaki, si wanatusafishia maji?

JIBU: Marahaba. Shemeji kakuweza kwa mdomo tu. Huo utelezi ni mchanganyiko wa mwani na bakteria, na waliopo pale ni wale waliobaki, wenzao walishakufa zamani ila bakteria akifa huoni maiti.

Zebaki inaua kwa sababu inapenda sana salfa, ikiingia kwenye seli inaganda kwenye protini pale penye salfa na hiyo protini inakuwa haifanyi kazi tena, iwe ya bakteria au ya shemeji. Sasa kuna bakteria wana seti ya jeni inaitwa mer, na mimi hii ndo huwa inanishangaza kuliko zote. Kuna protini moja ni kama mlinzi wa geti, imekaa kwenye DNA inasubiri, ikigusa zebaki tu inawasha jeni nyingine, maana kuziwasha muda wote ni kupoteza nguvu bure. Hizo zikishawaka, zebaki inaletwa ndani mpaka kwa kimeng'enya kinachoigeuza kuwa ile ya metali, ile ile ya majimaji mnayoijua nyie, ambayo inageuka mvuke inatoka zake nje ya seli. Kwa hiyo hajaila. Kaifukuza, basi, imehamia hewani.

Metali nyingine zina dawa yake nyingine. Aseniki kwa mfano inafanana na fosfeti, kirutubisho ambacho bakteria anakihitaji, kwa hiyo inapita mlango wa fosfeti bila kuulizwa kitu, bakteria anaibadilisha kidogo halafu anaisukuma nje kwa pampu. Kadimiamu na zinki nazo ni pampu, kama mvuvi mwenye mtumbwi unaovuja, anachota maji anamwaga huku safari inaendelea. Wengine wana protini ndogo zinaifunga metali isizurure, wengine wanajizungushia ute, na huo utelezi uliouona sehemu yake ni ute wa hivyo. Kuna mmoja anaitwa Cupriavidus metallidurans, aligunduliwa kwenye tangi la maji machafu ya kiwanda cha zinki Ubelgiji miaka ya 1970, huyo pampu zake huzimalizi kuhesabu, na hata dhahabu iliyoyeyuka anaigeuza chembe ngumu. (Usimwambie shemeji, ataanza kumfuga.)

Kuzoea kwenyewe hakuchukui muda. Bakteria wengine mambo yakiwa mazuri wanagawanyika kila dakika 20, na jeni za mer mara nyingi ziko kwenye plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA ambacho bakteria anampa jirani yake hata kama sio wa ukoo wake. Kibaya zaidi, mara nyingi kwenye kipande hicho hicho kuna jeni za kuhimili antibayotiki, kwa hiyo tope la zebaki linaweza kulea bakteria wanaodharau dawa hata kama hakuna mtu aliyemwaga dawa pale.

Kuhusu kutusafishia, Ujerumani walishafanya kwenye maji machafu ya kiwanda cha klorini, bakteria wanakaa ndani ya tangi, zebaki ikigeuka metali inanaswa humo humo. Ila hilo ni tangi, limefungwa, lina watu wanalipima. Dimbwi la shemeji liko wazi na chini yake kuna tope jeusi lisilo na oksijeni, na humo wanaishi bakteria wa aina nyingine kabisa, baadhi ni wale wanaovuta salfeti badala ya oksijeni, hao wanaigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, sumu kali inayojikusanya mwilini. Jeni zao mbili, hgcA na hgcB, zilijulikana 2013. Methili-zebaki hii ndo iliyoumiza watu Minamata kule Japani, ingawa ile ilitoka kiwandani ikiwa tayari hivyo. Inaingia kwenye vidudu vya majini, dagaa anakula vidudu, sangara anakula dagaa, na kila hatua inaongezeka, ndo maana sangara mkubwa huwa na zebaki nyingi kuliko mdogo. Usiache kula samaki wa soko la Kirumba lakini, vipimo vingi vya samaki wa ziwa letu la Victoria vimekuta zebaki chini ya kiwango kinachoruhusiwa cha miligramu 0.5 kwa kilo.

Kwa hiyo kamwambie shemeji zebaki ni elementi, haiozi na haifi, inabadilisha sura tu. Na anayeivuta kwa wingi ni yeye mwenyewe anapochoma dhahabu kwenye karai wazi, karibu asilimia 80 ya mvuke anaouvuta inabaki mwilini. Atafute kile chombo cha kufunga kinachorudisha mvuke uwe zebaki tena, ataokoa hata hela. Na marudio yenye zebaki asiyapeleke moja kwa moja kwenye sianaidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, maana inaiyeyusha na zebaki nayo inasafiri mbali zaidi.

Halafu nijibu kitu kimoja hukuandika: mvua ikinyesha, lile dimbwi linamwagikia wapi?