Utafiti wa jeni za saratani ukiwa Uganda: jibu langu kwa kijana wa Mbale

Swali la kijana wa Mbale nimeliona tangu Jumatatu. Amemaliza shahada ya kwanza ya biolojia, anataka kuingia utafiti wa jeni za saratani, na mjomba wake kamwambia hiyo ni kazi ya Wazungu, hapa kwetu ataishia kushika chaki. Anauliza kama ni kweli, na kama ni lazima aondoke nchini. Wengi mliomjibu mmezungumzia mashine. Mimi nina miaka 16 maabara, mniruhusu nizungumzie vichupa.

Nianze na huyo mjomba, shikamoo yake. Mwaka 1957 hapo hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Baadaye akaona mwingine wa namna hiyo hiyo, akaanza kupekua rekodi, na mwaka 1958 akaandika juu ya uvimbe ule, saratani ambayo leo inabeba jina lake. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na kati ya waliomsikiliza alikuwapo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitoke Kampala kwa ndege viende London. Miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege ikazuiwa na ukungu, ikatua Manchester, kichupa kikafika kimechelewa na maji yake yamechafuka. Mtu mwingine angekitupa akidhani kimeingia bakteria. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli za uvimbe zenyewe, zimebanduka, zinaelea, ziko hai. Zikaota, na mwaka uliofuata virusi vya Epstein-Barr vikatangazwa, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wasimuliaji humsifu Epstein na hadubini yake ya elektroni. Sawa. Mimi humfikiria aliyekata kipande kile Mulago, akakitia kichupani, akakiwahisha ndege.

Ya jeni yakaja baadaye. Katika uvimbe wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika kikaenda kuungana, mara nyingi, na kromosomu ya 14, jirani kabisa na jeni za kutengeneza kingamwili. Sasa seli za uvimbe huu zinatokana na seli za kinga, askari wa mwili, kingamwili ndiyo kazi yao, na mtaa ule wa kromosomu ya 14 taa hazizimwi. MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru seli igawanyike, ikihamia huko haizimiki tena. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Malaria nayo ina mkono wake, kwa kuwa inawasumbua askari hao mwaka mzima na kuwafanya wakatekate DNA yao zaidi. Kwa hiyo mtu wa West Nile au Lango, kaskazini mwa Uganda kwenye malaria nyingi, anayeusoma ugonjwa huu yuko nyumbani kwake. Hapo mjomba amekosea.

Sasa yangu. Kwenye shahada ya uzamili nilikabidhiwa vipande 40 vya nyama ya uvimbe vilivyogandishwa kwenye nta, kutoka hospitali moja ya wilaya. Jina naliacha. Kazi: toa DNA, kuza kipande cha jeni kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, soma mpangilio wake. Nikayeyusha nta kwa zailini, nikaosha kwa alkoholi, nikavilaza usiku kucha kwenye nyuzi 56 pamoja na kimeng'enya cha kula protini. Asubuhi nikaipitisha DNA kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu wake. DNA nzima hukaa juu, mstari mmoja mnene. Yangu ilishuka mpaka chini, ukungu mtupu, mithili ya moshi wa sigara. Maana yake imekatikakatika. Nikarudia. Nikarudia tena. Miezi mitano nalaumu kimeng'enya, nalaumu umeme, mpaka fundi wa maabara, mtu wa watu, nikamnunia.

Mwisho nikapanda basi nikaenda kule zilikotoka. Mzee wa stoo akanionyesha dumu: fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, iliyochanganywa na maji ya bomba, bila bafa, yaani kemikali ya kuzuia tindikali. Fomalini ya namna hiyo hugeuka tindikali na kuikata DNA. Nyama ilitakiwa ikae humo siku moja, ikizidi sana mbili. Nikamuuliza inakaa muda gani. Akasema, "Mwanangu, sisi tunangoja gari. Gari likija wiki ya tatu, na kichupa kinaondoka wiki ya tatu." Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi Kampala nikapanga upya vianzio vyangu vya PCR, vile vijipande vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, vilenge vipande vifupi, vya herufi mia hivi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vimebaki. Kati ya 40 nikapata 11. Tasnifu ikapita, na msimamizi wangu hakucheka, jambo la nadra.

Tangu hapo sampuli siingojei mezani. Naenda wodini. Na hapa niseme kitu kwa wale wanaobeza Kiswahili: mimi ni mtoto wa kambi ya polisi Tororo, lugha hii nilinyonya nayo. Taasisi ya Saratani pale Mulago, ambayo iko tangu 1967, inapokea wagonjwa kutoka kila pembe na hata ng'ambo ya mipaka. Nimewahi kukaa na mama kutoka Kongo, mtoto yuko mapajani, karatasi ya ridhaa imeandikwa Kiingereza na tafsiri iliyopo ni ya Kiganda. Tulimaliza saa nzima kwa Kiswahili. Alitaka kujua jambo moja tu: damu hiyo mtaiuza? Nikamweleza inakokwenda, na kwamba akikataa mtoto atatibiwa vilevile. Akafikiri, akakubali. Bila ridhaa ya kweli hiyo siyo sampuli, ni wizi.

Kuhusu kuondoka: nenda kama nafasi imekuja, mimi nilienda miezi tisa kujifunza uchambuzi wa data. Lakini usiende ukidhani swali zuri liko huko. Tafiti nyingi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, wakati Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani. Tazama saratani ya tezi dume: kwenye kromosomu ya 8, mtaa ule ule wa MYC, kuna tofauti zinazoongeza hatari ambazo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, na wanaume wa Uganda wamo kwenye tafiti zilizoonyesha hivyo.

Pesa? Mikataba ya mwaka mmoja mmoja, ruzuku ikiisha na wewe umeisha. Vibali vya kamati ya maadili na vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia vinakula miezi, vipangie mapema. Jifunze kuandika programu kabla hujajua utaitumia wapi.

Na la mwisho, kwa sababu lilinigharimu. Pasaka moja, maabara niliyokuwamo, jenereta iliishiwa dizeli. King'ora cha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kilipigia simu ya mtu aliyeacha kazi miezi miwili nyuma. Umeme ulirudi, friza ikaganda upya, Jumanne kila kitu kinaonekana salama. Tulitumia sampuli zile wiki sita kabla ya kugundua kwamba ziliwahi kuyeyuka. Siku hizi humo ndani naweka kikombe cha maji yaliyoganda na juu yake sarafu ya shilingi 500. Friza ikiyeyuka, sarafu inazama, na ikigandishwa tena inabaki chini. Ukienda kuomba nafasi maabara yoyote, waombe wakufungulie friza, kisha uliza sarafu iko wapi.